Grasshopper ya Rhino (siyo senene jamani)

Juzi jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, kanisikia kwenye simu nasema leo nashinda na Grasshopper, akaniuliza senene msimu huu nimezitoa wapi nimuuzie kopo moja haha, maana grasshopper kwa Kiingereza ni senene. Hii ni programu ndugu zangu, inafanya kazi ndani ya Rhino, programu ya kuchora vitu vya 3D kwenye kompyuta: unaunganisha vijisanduku vya amri, nayo inakuchorea. David Rutten wa McNeel, kampuni inayotengeneza Rhino, aliitoa 2007, na kuanzia Rhino 6 ya 2018 inakuja humo humo ndani.

Sasa kazi yenyewe. Mteja ana baa kule Munyonyo karibu na ziwa, anataka uzio wa mabomba ya chuma unaopinda pinda kama ufukwe, usiofuata mpangilio, na kila bomba liwe na urefu wake. Kuchora kwa mkono unaweza, ila akisema sogeza kidogo hapa umekwisha, unaanza upya, na huyu alisema sogeza mara saba. Kwenye Grasshopper niliweka pointi 9, nikapitisha mstari kwa amri ya Interpolate, nikaugawa, kila pointi ya mgawo ikasimamisha bomba lake, basi akisema sogeza navuta pointi moja tu kati ya zile 9 na mabomba yote yanajipanga yeye akitazama, soda yake haijafika nusu.

Angalizo: Interpolate inapita juu ya pointi zako kabisa, ila ile Nurbs Curve, amri nyingine ya kuchora mstari, inavutwa nazo tu, inazigusa za mwanzo na mwisho basi. Mi nilizichanganya siku mbili nzima nalaumu laptopu.

Urefu wa mabomba nilianza na Random, inayotoa namba za kubahatisha, ikatoka sura ya mdomo wenye mapengo, mbaya! Nikaitupa nikaleta Graph Mapper, inayopanga namba kwa kufuata umbo la grafu, nikachagua grafu ya Perlin yenye mawimbi, hapo urefu ukawa unapanda na kushuka polepole bila kujirudia, na mteja akasema eeh hiyo ndiyo.

Ubaya wake, data tree, yaani data iliyopangwa kwa matawi, zitakutoa jasho, mi mpaka leo nyingine nabahatisha. Halafu slaida, vile vitelezi vya kuweka namba, usizichezee, nilitaka 60 nikaandika 6000, mashine ikaganda na sikuwa nimesevu, ujinga wangu. Bei ya Rhino unalipa mara moja siyo kila mwaka, lakini kwa ofisi ya watu wawili Kampala inauma bado. Kuna siku 90 za kujaribu bure na kila kitu kinafanya kazi, zikiisha haisevu tena, kwa hiyo usizianze kama huna kazi mkononi.

Na hii msinicheke. Nilimwandikia fundi wangu wa Katwe, hapa hapa Kampala, mabomba 60 kwa sababu Divide Curve, amri ya kugawa mstari, niliipa 60, kumbe mstari usiofunga ukiugawa vipande 60 unapata pointi 61. Siku ya kusimamisha, mwisho kabisa pale getini pana pengo, mteja kaliangalia kaniuliza hiyo ni njia ya paka au? Nikapanda boda kurudi Katwe kufuata bomba moja.