Spea orijino au kopi? Kwanza uliza raba ina umri gani

Land Cruiser yangu ina mwezi wa pili sasa imeinuliwa juu ya stendi za gereji, na kilichoipeleka huko wala si kopi, ni spea orijino kabisa. Nilinunua seti ya raba za silinda za breki, gari ni modeli ya FJ40 ya 1974, boksi la Toyota lenyewe lile la nembo ya zamani, namba inalingana na kitabu tarakimu kwa tarakimu, plastiki ya ndani haijawahi kuguswa na mtu. Muuzaji akaniambia dada hii huipati tena popote, nikaamini, nikalipa hela ambayo ningenunua seti mpya mbili na chenji ikabaki.

Sasa gari hii ina breki za dramu mbele na nyuma na kila gurudumu lina silinda mbili, yaani silinda 8, tukafungua zote, tukasafisha, tukazisugua ndani kwa jiwe la kulainisha, tukafunga raba "mpya". Wiki ya tatu pedeli ikaanza kuzama. Ukikanyaga inashika vizuri, ila ukiendelea kushikilia mguu inashuka taratibu mpaka inagusa chini. Fundi akavua gurudumu la mbele kushoto, tairi kwa ndani limelowa, lainingi zimekunywa mafuta ya breki hazifai tena. Akaichomoa raba moja akaiweka kiganjani, ina ukungu mweupe kama imepakwa unga, akaikunja kwa kidole gumba ikakatika. Haikujikunja hata kidogo, ilikatika kama kifungo cha shati. Akaniambia, "Dada, hii ni mpya lakini imekufa siku nyingi."

Kwa hiyo leo sitawaambia mlinganishe namba za spea au muangalie gari ni la mwaka gani, hayo kila anayehangaika na gari la zamani anayajua. Nataka tuongee raba, kwa sababu watu wanabishana miaka nenda miaka rudi orijino au kopi, orijino au kopi, halafu hakuna anayeuliza ile raba iliyoko ndani ya boksi ilitengenezwa lini.

Raba inazeeka hata kama haijatumika. Hewa inaila, ozoni inaila, joto na mwanga vinamalizia, ikiwa rafuni inaendelea kukauka pole pole. Kuna kiwango cha kimataifa kabisa cha kuhifadhi vitu vya raba, ISO 2230, kinagawa raba makundi: raba asilia na zile za SBR muda wake wa kukaa stoo ni miaka 5, naitraili ambayo ndiyo iko kwenye oili sili nyingi ni miaka 7, EPDM na silikoni na Viton, nazo ni aina za raba za kiwandani, miaka 10. Baada ya hapo inabidi ikaguliwe ndiyo iongezewe muda, na nyongeza yenyewe si ya kuchezea, ni miaka 2 mpaka 5 kutegemea na kundi. Na hiyo ni stoo ya maana, yenye ubaridi, giza na mfuko uliofungwa. Sasa wewe piga hesabu ya boksi la mwaka 1980 lililokaa chini ya bati la moto.

Chuma ni habari nyingine. Gia ya 1974 ikipakwa grisi na kufungwa karatasi ya mafuta leo bado ni gia, kioo bado ni kioo. Kwa hiyo mpangilio wangu unaanzia hapo: usiulize gari zima liwe orijino au kopi, uliza kitu kimoja kimoja, hiki kina raba au hakina.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni Toyota yenyewe lakini ya kutengenezwa sasa hivi. Mimi ni mtu wa Toyota, nimeendesha hizi gari maisha yangu yote, na kitu kimoja nawasifu nacho ni kwamba hawajawatupa wenye magari ya zamani. Mwaka 2020 walianza kurudisha spea za magari yao ya michezo ya zamani, Supra na 2000GT, chini ya mpango wa GR Heritage Parts, na 2021 wakatangaza Land Cruiser ya 40, ukoo wa hii FJ40 yangu, nayo inaingia. Mbali na mpango huo kuna vitu vya kawaida ambavyo walivitumia kwenye modeli nyingi na bado vinatoka. Angalia namba zinazoanza na 90311, hizo ni oili sili, na mara nyingi tarakimu mbili zinazofuata baada ya kistari ni kipenyo cha ndani kwa milimita, kwa hiyo 90311-38 unajua ni ya shafti ya milimita 38. Sili ya hivyo inatoka kiwandani leo, raba mbichi, na inaingia kwenye gari la miaka 50. Hapo sina neno. Wenye Mercedes nao wana bahati, wana kituo chao cha magari ya zamani Fellbach, Ujerumani, tangu 1993, na wenye MGB, kale kagari ka michezo ka Kiingereza, tangu 1988 wanaweza kupata bodi nzima mpya kutoka British Motor Heritage iliyopigwa kwa mashine na kalibu zilezile za zamani.

Namba mbili ni wale waliokuwa wanaiuzia kiwanda. Hapa watu wanapoteza hela nyingi bila sababu. Toyota haikutengeneza kila kitu yenyewe, beringi zilitoka Koyo, sili NOK, klachi Aisin, vitu vya umeme Denso. Ukinunua NOK kwenye mfuko wa NOK badala ya boksi la Toyota mara nyingi umenunua kitu kilekile, na uzuri wake ni kwamba sili ya NOK imechapwa jina na vipimo kwenye uso wake, unasoma bila kumuuliza mtu. Raba za breki nimechukua Seiken ya Japani, ndizo ziko kwenye gari sasa hivi, laini, nyeusi ya kung'aa, ukiibonyeza inarudi hapohapo. Kama ningeanza na hizi ningeokoa lainingi za gurudumu zima na wiki zangu tatu.

Halafu orijino ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Wengi wanaidharau, mimi naipandisha juu ya orijino ya boksini kwa vitu vya chuma: hauzingi ya gia, dramu, nakel (kile kifundo kinachobeba gurudumu la mbele), bawaba za milango, fremu za vioo. Chuma cha zamani kilikuwa kinene jamani, shika mlango wa kopi na mlango wa skrepa utaelewa bila kuelezwa. Dramu pima kipenyo chake cha ndani kwanza, kikomo kimeandikwa kwenye dramu yenyewe nyingi, ukiona imeshachongwa mpaka mwisho iache hapohapo. Na ukiinunua nunua chuma tu. Raba zote zilizoshikana nayo tupa siku hiyohiyo, usijidanganye kwamba hii bado inaonekana nzuri.

Ndiyo inakuja ile ya boksini, orijino ya zamani haijatumika, ambayo wauzaji wanaiweka juu ya vyote na bei wanaipandisha mpaka mawinguni. Kwa nembo, mita za dashibodi, vioo vya taa, swichi, namba ya kwanza, sibishani. Kwa kitu chochote chenye raba ndani yake nimeshasema. Na raba inajificha! Pampu ya petroli ina dayaframu, yaani utando wa raba. Kabureta nayo ina dayaframu ya pampu ya kuongezea mafuta. Masta silinda "mpya ya boksini" ina raba ndani ambazo huzioni kabisa mpaka uifungue, injini maunti (vile vishikizi vya injini) na bushi za springi ni raba iliyogandishwa kwenye chuma na ikizeeka inaachia kwenye chuma taratibu, gari linaanza kugonga unafikiri ni shokomzoba. Hozi za breki ndizo mbaya kuliko zote maana zinavimba kwa ndani huku nje ziko safi, mafuta yanaenda hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa na dramu inachemka, na fundi anabadilisha silinda mara mbili bila kugusa hozi.

Ukipata nafasi ya kushika raba kabla hujalipa, ikunje mpaka pembe zikutane uangalie kwenye mkunjo kama kuna vinyufa vidogo kama nywele. Bonyeza kwa kucha, alama inatakiwa ipotee. Tairi lenyewe lina tarehe, tangu 2000 ni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018, ukikuta tarakimu tatu hilo ni la kabla ya 2000 na halifai kukanyaga barabara hata kama vinywele vyake vya kiwandani bado vipo. Hozi ya petroli tafuta maandishi SAE J30R9, kwa sababu petroli ya sasa sehemu nyingi imechanganywa ethanoli na hozi za zamani haziiwezi. Na tafadhali sana, raba za breki zisipakwe oili ya injini wala grisi ya kawaida wakati wa kufunga, zinavimba zinaharibika, lowanisha kwa mafuta ya breki yenyewe basi.

Kopi za bei rahisi, kama ni urembo wa ndani au zulia chukua. Breki, stelingi na petroli hapana.

Kinachoniuma mimi ni hii tabia ya "ukifungua umenunua". Unamuomba muuzaji ufungue plastiki ushike raba tu, anakuangalia kama umekuja kuiba. Nikamuuliza yule aliyeniuzia imetengenezwa lini, akasema ni orijino. Nikamuuliza tena lini, akasema orijino, genuini. Nilipomrudishia zile zilizokatika akasema nimezifunga vibaya, na kwamba boksi limeshafunguliwa kwa hiyo harudishi hela. Boksi linalindwa kuliko mtu atakayekanyaga ile breki akiwa na watoto nyuma! Na akishajua gari ni la zamani la kutengeneza kwa mapenzi bei inabadilika palepale, oili sili ileile ambayo mwenye pikapu ya juzi anauziwa bei ya kawaida wewe unaambiwa ni adimu. Siku hizi nataja namba na vipimo tu, sitaji gari.

Breki zimeshapona, pedeli iko juu na imekaza. Kilichobaki ni raba za milango ya nyuma. Nimeletewa seti mbili za boksini, zote nimezikunja mbele ya aliyeleta, zote zina vinyufa, nikamrudishia na boksi zake. Gari litakaa kwenye stendi mpaka nipate ya mwaka huu.