Uzamili wa Saikolojia ya Kazi: Brosha Inauza Ustawi, Thamani Iko Kwenye Vipimo

Brosha za kozi hii zinafanana kama mapacha: ofisi yenye mwanga, watu wanacheka mbele ya kompyuta mpakato, na neno "ustawi" limetajwa mara tano kabla hujafika kwenye ratiba ya masomo. Ratiba yenyewe ni habari nyingine. Kwa mfumo wa Uingereza, shahada nzima huwa na krediti 180, na kwa kawaida tasnifu peke yake hubeba 60. Ongeza moduli ya takwimu na ya mbinu za utafiti, unakaribia nusu ya kozi. Anayejiunga kwa sababu ya picha hukata tamaa muhula wa kwanza. Anayejiunga kwa sababu ya ratiba hutoka na ujuzi ambao waajiri wengi wanauhitaji na wachache wanao. Hapa tunaipima kozi kama inavyofundishwa kwa kawaida, darasani au kwa mtandao, bila kukitaja chuo chochote.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo matangazo hudanganya zaidi. Krediti moja ya Uingereza huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo 180 ni saa 1,800. Ukisoma huku unafanya kazi kwa miaka miwili, hizo ni saa 17 hivi kila wiki, likizo zikiwemo. Brosha inayosema "saa 10 kwa wiki" inakupa saa 1,040 kwa miaka hiyo miwili, hesabu haifungi. Aghalabu wamehesabu mihadhara na majadiliano, wakaacha kusoma makala, kusafisha data na kuandika. Kwa mfumo wa ECTS wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30, na uzamili wa miaka miwili una krediti 120.

Moduli ya nadharia ni nzuri pale tu inapofundishwa kama ugomvi. Mpangilio umezoeleka: tafiti za kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago (1924 hadi 1932), Robert Karasek na modeli yake ya mzigo na uhuru wa kuamua (1979), Johannes Siegrist na urari wa jitihada na malipo (1996), kisha modeli ya mahitaji na rasilimali za kazi ya Evangelia Demerouti na wenzake (2001). Mwalimu mvivu hukupa orodha hiyo uikariri. Mwalimu anayejua kazi yake hukupa mtu mmoja, tuseme karani wa kituo cha simu mwenye simu zisizokwisha na maneno ya kusema aliyoandikiwa, kisha anauliza kila modeli itamshauri nini mwajiri. Karasek atasema mpe uhuru wa kuendesha mazungumzo mwenyewe. Siegrist atauliza kwanza kuhusu mshahara, heshima na usalama wa ajira, kwa sababu uhuru haumsaidii mtu aliyenyimwa kupanda cheo miaka sita. Modeli ya 2001 itapokea majibu yote mawili, na huo ndio udhaifu wake: karibu kila kitu kinaweza kuitwa rasilimali, kwa hiyo ni vigumu kuikuta imekosea. Kozi isiyokuambia hivyo inakufundisha kuabudu mchoro.

Sasa vipimo, kiini cha kozi. Uchovu wa kazi (burnout) ndio mfano unaotumika kila mahali, na pia ndipo wanafunzi wengi huanguka. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, liliueleza kama hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa. Ukiandika kwamba asilimia fulani ya wafanyakazi "wanaugua" uchovu wa kazi, mtahini makini anakata alama papo hapo. Dodoso la Christina Maslach na Susan Jackson la 1981 lina vipengele 22: tisa vya kuishiwa nguvu kihisia, vitano vya kuwaona watu kama vitu, vinane vya kujiona una mafanikio kazini. Hujibiwa kwa kipimo cha 0 hadi 6. Kosa la kawaida ni kujumlisha vyote 22 upate alama moja, ilhali vile vinane vinaelekea upande wa pili, kwa hiyo mtu mwenye afya njema anaonekana mgonjwa nusu. Kila kundi hukokotolewa peke yake. Viwango vya "juu, kati, chini" unavyovikuta katika makala za zamani vilitokana na kuigawa sampuli mafungu matatu. Hakuna daktari aliyevithibitisha. Jambo jingine la mfukoni: dodoso hili huuzwa kwa nakala, wakati lile la Copenhagen lenye vipengele 19 ni bure. Wapo wanaogundua hilo wakiwa wameshapitishiwa pendekezo la utafiti.

Anayetaka kupima kwa Kiswahili ana kazi ya ziada, na kozi chache humwandaa. Utaratibu wa kutafsiri, kisha mtu mwingine kurudisha katika lugha ya awali bila kuona matini ya kwanza, ulielezwa na Richard Brislin mwaka 1970 na bado ndio msingi. Hautoshi. Chukua sentensi "Kazi yangu hunichosha", halafu uweke majibu kuanzia "sijawahi" hadi "kila siku". Kiambishi hu- tayari kimesema jambo ni la kawaida, la mazoea; ukiuliza tena ni mara ngapi, mhojiwa anajibu kitu asichoulizwa. "Kazi yangu imenichosha" inakaa vizuri zaidi kwenye kipimo cha marudio, ukitaja kipindi: "katika wiki nne zilizopita". Kisha kuna "kuchoka" kwenyewe. Nimechoka ya mbeba mizigo jioni, na nimechoka ya mtu aliyekinai, ni neno moja. Mfasiri wa kurudisha ataandika lilelile la kwanza na tafsiri itaonekana safi kabisa. Dawa ni kukaa na watu watano hadi kumi wa kundi lengwa, kuwasomea kila kipengele, na kuwaomba waseme kwa maneno yao wameulizwa nini. Huchukua siku mbili tatu tu na huokoa miezi.

Makosa mengine ya dodoso ni ya kizembe zaidi. "Msimamizi wangu hunisikiliza na kunisaidia" ni maswali mawili. Aliyesikilizwa bila kusaidiwa atie alama wapi? Kipengele kilichogeuzwa, yaani kinachouliza kinyume cha vingine, kwenye kipimo cha 1 hadi 5 kinapaswa kutolewa katika 6 kabla ya kujumlisha. Ukisahau, alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha vipengele vinavyokubaliana kiasi gani, hushuka, wakati mwingine chini ya sifuri, na mwanafunzi anaanza kufuta vipengele vizuri kwa hofu. Ukiona alfa hasi, usifute kitu. Angalia kwanza ni kipengele gani hukukigeuza.

Ukubwa wa sampuli ni somo linalotenganisha kozi nzuri na ya kawaida. Kugundua uhusiano wa 0.30 (0 ni hakuna, 1 ni kamili) kwa nguvu ya asilimia 80, yaani nafasi ya kuuona kama kweli upo, kiwango cha 0.05, mikia miwili (uhusiano wa upande wowote), unahitaji watu 84. Programu ya bure ya G*Power itakupa jibu hilo kwa nusu dakika. Lakini watu kazini hukaa kwenye timu, na walio timu moja hufanana. Ikiwa una watu 20 kwa kila timu na asilimia 10 ya tofauti za majibu inatokana na timu, unazidisha kwa 1 + 19 × 0.10, yaani 2.9. Wale 84 wanageuka 244, hasa kama unachopima ni cha timu nzima, kama uongozi. Amy Edmondson alipochapisha utafiti wake wa usalama wa kisaikolojia (imani ya timu kwamba mtu anaweza kusema wazi bila kuadhibiwa) mwaka 1999, alichambua timu 51, si lundo la watu mmoja mmoja. Na kama nusu tu ndio hujibu, tuma dodoso kwa karibu 490. Kozi inayofundisha hesabu ya kwanza bila ya pili inakutuma shambani na jembe lisilo na mpini.

Moduli ya ustawi, ile iliyokuvuta, mara nyingi ndiyo dhaifu kuliko zote. Kazi ya kupimwa huwa "andaa mpango wa ustawi kwa shirika", na darasa zima linaleta kutafakari, programu ya simu na mazoezi ya kupumua. Ushahidi hauwaungi mkono kirahisi hivyo. William Fleming, katika makala ya 2024 iliyotumia majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza, aliwakuta walioshiriki afua za mtu mmoja mmoja hawana ustawi mkubwa kuliko wasioshiriki. Utafiti huo ulipima watu kwa wakati mmoja, kwa hiyo huenda waliojiunga ndio waliokuwa wameelemewa tangu mwanzo. Mwanafunzi anayeuona ubishi huo peke yake ameshaiva. Ukitaka kujua kama moduli ni hai, tafuta vitu viwili kwenye muhtasari wake: kiwango cha ISO 45003 cha 2021 kuhusu hatari za kisaikolojia kazini, na miongozo ya afya ya akili kazini ya Shirika la Afya Duniani ya 2022, inayogusa mazingira ya kazi yenyewe na mafunzo kwa mameneja. Visipokuwepo, slaidi zimezeeka. Kazi bora ya kupimwa tuliyo tayari kuisifu ni ile inayompa mwanafunzi ratiba halisi ya zamu na kumtaka aibadilishe, aeleze nani atapoteza nini, na atapimaje miezi sita baadaye.

Moduli ya usaili na uteuzi ina kipimo chake cha haraka. Ikiwa mhadhara bado unasema usaili uliopangwa, yaani wa maswali yaleyale kwa kila mwombaji, una uhalali (uwezo wa kutabiri utendaji kazini) wa 0.51, namba ya Schmidt na Hunter ya 1998, bila kutaja marekebisho ya Paul Sackett na wenzake ya 2022 yaliyoushusha hadi 0.42 na kuuweka juu ya vipimo vya akili, basi umelipia makumbusho. Uongozi na utamaduni wa shirika hufundishwa vizuri karibu kila mahali; hakuna la kuongeza.

Tasnifu ndiko kozi nyingi hukwama, na chanzo ni kilekile: ruhusa. Kamati ya maadili hutaka barua ya shirika litakalotoa wafanyakazi. Shirika linataka kuona kibali cha kamati kwanza. Anza na barua ya kukubali kwa masharti, miezi mitatu kabla ya tarehe unayotaka kukusanya data. Mkubaliane kwa maandishi kwamba mwajiri hataona majibu ya mtu mmoja mmoja wala matokeo ya kundi dogo mno. Watu kumi ni mpaka unaotumika sana. Usipoandika, meneja ataomba "majibu ya idara ya hesabu tu", nayo ina watu wanne. Ukipima mara mbili kwa kuachana wiki nne, tumia msimbo wa kuunganisha, kwa mfano herufi mbili za mwisho za jina la mama na tarehe ya siku ya kuzaliwa, badala ya namba ya mfanyakazi. Na usidai "husababisha" kwa dodoso la siku moja, hata kama programu imekuchorea mshale.

Kuhusu programu za takwimu: SPSS huisha leseni ukihitimu. R na jamovi ni bure. Kozi inayofundisha SPSS peke yake inakupa ujuzi wa kukodi.

Shahada hii haikufanyi mshauri nasaha wala mtibabu. Uingereza, cheo cha mwanasaikolojia wa kazi kinalindwa kisheria, na shahada iliyoidhinishwa na chama cha wanasaikolojia ni hatua ya kwanza tu. Kinafuata kipindi cha kazi chini ya usimamizi. Asiye na msingi wa saikolojia katika shahada ya kwanza anaweza kupokelewa darasani na bado akafungiwa njia hiyo. Meneja wa rasilimali watu anayetaka tu kuelewa ripoti za dodoso atatosheka na kozi fupi ya vipimo.

Kabla ya kulipa, mwandikie mratibu wa kozi maswali matatu: msimamizi mmoja ana tasnifu ngapi kwa mwaka, je data za kukusanya mwenyewe ni lazima au naweza kutumia zilizopo, na je naweza kusoma tasnifu moja ya mwaka jana iliyopata alama ya wastani, si ile bora. Jibu la tatu ndilo la kusubiri. Wakikutumia, fungua sura ya mbinu kabla ya muhtasari.