Tamron SP 500mm f/8: lenzi ya vioo ya mwaka 1983 mbele ya Nyiragongo

Kutoka kwenye paa la nyumba tunayokaa Himbi, hapa Goma, hadi mdomo wa volkano ya Nyiragongo ni takriban kilomita 18, na mdomo wenyewe una upana wa kilomita 1.2 hivi. Ukipiga hesabu, lenzi ya milimita 500 iliyofungwa kwenye kamera yenye sensa (sehemu inayopokea picha) ya milimita 36 kwa 24 huona, kwa umbali huo, upana wa kilomita 1.3; yaani mdomo wa volkano unaijaza picha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kubakiza nafasi ndogo tu pembeni. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute milimita 500, na mfuko wangu ndio ulionifanya nitafute za zamani.

Niliyoipata ni Tamron SP 500mm f/8 ya toleo la 55BB, lililoanza kuuzwa mwaka 1983. Binamu yangu aliyeko Ubelgiji aliinunua ikiwa imetumika, akamkabidhi mgeni aliyekuwa anakuja huku, na pamoja na adapta ya kuiunganisha na kamera yangu, Sony α7 II, ilinigharimu dola 130. Nimeitumia kwa miezi minane, kiangazi na masika, na ninayoyaandika hapa yanatokana na matumizi hayo.

Obijektifu hii, kama wapiga picha wengi wa hapa Goma wanavyoiita lenzi kwa kufuata Kifaransa, haifanyi kazi kama zile tulizozizoea. Mwanga unaoingia kwa mbele hufika kwenye kioo kikubwa kilichobonyea kilichoko nyuma, ukarudishwa mbele hadi kwenye kioo kidogo kilichowekwa katikati ya uso wa lenzi, kisha ukarudishwa nyuma tena kupitia tundu la katikati la kile kioo kikubwa mpaka kwenye sensa. Kwa kuwa njia ya mwanga imekunjwa hivyo, milimita 500 zinatoshea ndani ya kopo lenye urefu wa sentimita 9 hivi na uzito wa takriban gramu 600. Ufupi huo una faida ambayo vitabu vya upigaji picha haviitaji: katika mji wetu, mtu aliyebeba lenzi ndefu nyeupe begani huulizwa maswali kabla hajapiga picha ya kwanza, ilhali hii yangu watu huidhania kuwa kopo la maziwa ya unga.

Faida ya pili ni ya rangi. Kioo hurudisha rangi zote kwa pembe ileile, tofauti na lenzi ya kawaida ambayo hupinda kila rangi kwa kiasi chake, na kwa hiyo ukingo wa mlima dhidi ya anga jeupe hauonyeshi ule mstari wa zambarau au wa kijani unaozichafua lenzi nyingi ndefu za bei nafuu. Nimeikuza picha ya ukingo wa mdomo wa volkano hadi pikseli zikaonekana moja moja na sikuuona mstari huo. Kwa lenzi ya dola zisizofika 150, hilo ni jambo la kuistahi.

Hata hivyo, haina namna ya kupunguza wala kuongeza upenyo wake, yaani nafasi ya kupitishia mwanga. Ni f/8 siku zote (f ni kipimo cha upenyo; namba ikiwa kubwa mwanga ni mdogo), na kwa kweli ni giza zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu kioo kidogo cha katikati huziba sehemu ya mwanga unaoingia. Mwanga wa kuingia kwenye kamera unadhibitiwa kwa kasi ya shata na ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) peke yake. Alfajiri, wakati mlima unapoonekana vizuri zaidi, hiyo ina maana ya ISO 1600 au 3200 ukishika kamera kwa mikono.

Na sasa nifike kwenye mlima wenyewe. Wiki za kwanza nilisikitika sana, nikaamini kwamba nimeuziwa kopo tupu, kwa sababu kila picha ilikuwa kama imepigwa kupitia maji yanayotiririka. Kosa halikuwa la lenzi. Nilikuwa napanda paani saa tatu asubuhi, baada ya chai, wakati ambapo mabati ya mji mzima na mawe meusi ya lava yameshapata joto na hewa iliyo kati yangu na mlima inachezacheza. Lenzi ya milimita 500 haikuzi mlima peke yake. Inakuza na kilomita 18 za hewa. Nilipoanza kupanda saa kumi na mbili, hasa asubuhi inayofuata mvua ya usiku, nilipata mikunjo ya mteremko, miti ya chini na moshi mweupe unaotoka mdomoni, vyote vikionekana kwa ukali. Kati ya Juni na Agosti hata saa hiyo haisaidii sana, kwa maana vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huutia mlima rangi ya maziwa, na siku nyingine hauonekani kabisa.

Hewa ya ndani ya lenzi nayo ina adabu yake. Ukiitoa kwenye chumba chenye joto ukaipeleka paani kwenye baridi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kioo kikubwa huchelewa kupoa, na hewa inayokizunguka huivuruga picha. Mimi huiacha nje kwa dakika ishirini, ikiwa imefunikwa kifuniko chake, kabla ya kuigusa. Kifuniko hicho si cha urembo: kioo kilichobonyea kikielekezwa kwenye jua hukusanya joto la kuunguza, kwa hiyo lenzi ya aina hii haiachwi wazi mezani.

Fokasi, yaani kulenga ili picha iwe kali, ni ya mkono, na hapo ndipo kamera ya kisasa inapoifufua lenzi ya zamani. Pete ya fokasi hupita kidogo alama ya umbali usio na mwisho, na imeundwa hivyo kwa makusudi ili kufidia kutanuka na kusinyaa kwa vyuma kutokana na joto na baridi. Anayeizungusha hadi ikome akidhani amefika mlimani, amepita. Wapigaji wa enzi za filamu walilenga kwa macho yao kupitia kidirisha cha kamera chenye giza, nami siwaonei wivu. Kwenye α7 II naikuza sehemu ya katikati mara kadhaa, nasogeza pete kwa upana wa nywele, narudi, nasogeza tena. Kabla ya hayo kuna mipangilio miwili ya kufanya kwenye menyu: kuiruhusu kamera ipige picha hata isipoitambua lenzi, na kuiambia kwa mkono kwamba lenzi ni ya milimita 500, ili kituliza-mtikisiko kilicho ndani ya kamera kijue kiasi cha kusahihisha. Ukisahau hili la pili, kituliza-mtikisiko hufanya kazi kwa kipimo cha lenzi nyingine, na taswira hubaki ikicheza machoni. Pamoja na hayo, kwa mikono sishuki chini ya kasi ya 1/1000 ya sekunde, na kwenye stendi ya miguu mitatu natumia saa ya kuchelewesha picha kwa sekunde mbili pamoja na pazia la kwanza la kielektroniki, ambalo halitikisi kamera, maana lenzi nyepesi hutikiswa na jambo dogo.

Picha inayotoka imefifia. Nyeusi yake ni kijivu, na yote kwa jumla ni kama chai iliyozidishiwa maji. Inarekebishika: nikipiga kwa faili ghafi (ambalo kamera haijalichakata) na kurekebisha mwanga na giza lake kwenye kompyuta, undani uliokuwa umejificha hujitokeza, na hapo sensa ya leo huipa lenzi hii uhai ambao filamu haikuweza kuipa. Hata hivyo, kazi kubwa ilifanywa na karatasi ngumu. Lenzi yangu ilikuja bila kikinga-mwanga chake cha mbele, nami nikatengeneza kimoja cha karatasi ya boksi, nikakipaka rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani. Tofauti ilionekana siku hiyohiyo.

Kilichobaki ni kasoro ya bangili. Kwa kuwa katikati ya lenzi kumezibwa, kila nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi hugeuka kuwa pete yenye tundu. Nyuma ya Nyiragongo hakuna kitu ila anga, kwa hiyo hazitokei. Lakini nilipoipeleka bandari ya Kituku kupiga mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi ikishusha mizigo, jua likiwa linameremeta juu ya Ziwa Kivu, maji yote yaligeuka kuwa duka la bangili, na kamba na fito zikawa mistari miwili miwili. Wako wanaoipenda sura hiyo. Mimi naivumilia kwenye maji, lakini kwenye majani na matawi siivumilii hata kidogo.

Kwa ndege nilishindwa karibu kabisa. Mdiria aliyetua kwenye nguzo hukaa na kukusubiri, lakini mwewe anayezunguka juu ya bandari hasubiri, na kwa umbali wa mita 20 eneo lililo ndani ya fokasi lina kina cha sentimita 75 tu. Katika picha hamsini za asubuhi moja nilibakiza tatu. Anayetaka ndege wanaoruka na bado anataka lenzi ya vioo, atafute Minolta AF Reflex 500mm f/8 ya mwaka 1989, ambayo hujilenga yenyewe na ambayo baadaye Sony iliiuza kwa jina lake. Au, kama ana Canon ya mfumo wa RF, aweke akiba ya kununua ile ya 600mm f/11 ya mwaka 2020, ambayo haina vioo, ina f/11 isiyobadilika, lakini hujilenga na hutuliza mtikisiko. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba Tamron hii hulenga hadi mita 1.7, ikimfikisha mdudu theluthi ya ukubwa wake halisi kwenye sensa, na chozi wa bustanini kwetu nimempiga kwa karibu kuliko nilivyowahi na lenzi yoyote nyingine. Mwezi mpevu nao hutoa duara la milimita 4.5, yaani pikseli 760 hivi kwenye kamera yangu; unatosha kuonyesha mashimo yake, hautoshi kutundikwa ukutani.

Rafiki yangu wa Katindo ana MTO-500, lenzi ya vioo ya Kisovieti, nzito kuliko yangu na imara kama sufuria ya chuma, iliyochorwa kwa mbele maneno ya tuzo ya maonyesho ya dunia ya Brussels 1958. Ni maonyesho yaleyale ambako Wakongo waliwekwa ndani ya kijiji cha kuigiza ili watazamwe, na siwezi kuyasoma maneno hayo kwenye chombo cha kutazamia bila kusita kidogo. Kwa ukali wa picha lenzi zetu hazipishani sana. Shida yake ilikuwa adapta: muuzaji mmoja wa mtandaoni alimtumia pete ya T2, ambayo ina kipenyo cha milimita 42 sawa na uzi wa lenzi ile, lakini hatua ya uzi wake (umbali kati ya mzunguko mmoja na mwingine) ni milimita 0.75 badala ya 1. Iliingia mzunguko mmoja na nusu ikakwama, na kuitoa kulituchukua jioni nzima na mafuta ya cherehani.

Mwenye kamera isiyo na kituliza-mtikisiko wala njia ya kuikuza taswira kwenye skrini simshauri ainunue. Mwenye navyo, na anayetaka milima, mitumbwi iliyotulia au vipepeo, ninamshauri, ilimradi aikague kwanza. Amulike tochi kwa pembeni atazame kama kioo kimebanduka utando wake au kama kuvu imeanza kujichora kama nyuzi za buibui, jambo la kawaida kwa vitu vilivyotunzwa karibu na ziwa. Kisha aangalie kwa nyuma, mahali pa kichujio cha milimita 30.5. Kichujio hicho kilihesabiwa kuwa sehemu ya lenzi, hata kile kisicho na rangi. Yangu ilikuja bila hicho, nikaitumia hivyo kwa miezi miwili nikilalamikia pembe za picha, mpaka binamu alipokikuta kwenye mfuko wa nyuma wa kasha alilokuwa amebaki nalo.