Nimetoka FL Studio nimehamia Reaper, haya ndo nimeyaona

Niseme mapema wakuu, zote mbili ni programu za kutengeneza na kurekodi muziki kwenye kompyuta, na FL Studio siitukani. Maprodyuza wengi wa mtaani tumejifunzia humo, wengine tangu inaitwa FruityLoops, na kwa kutengeneza biti mimi sijaona ya kuizidi. Ila kazi zangu ndo zimebadilika. Siku hizi wanaokuja studio ni kwaya na bendi za kanisani, yaani unafungua mlango inaingia timu nzima, gitaa la solo, rizimu, besi, kinanda, ngoma, na hawataki kurekodi mmoja mmoja, wanataka wapige pamoja kama wanavyopiga Jumapili. Kwa kazi ya namna hiyo ndo nikahamia Reaper.

Tofauti kubwa iko hapa. FL ilitoka 1997 kule Ubelgiji kama programu ya kupanga ngoma kwa hatua, mambo ya kurekodi sauti ya mtu yakaja baadae, na hilo bado unalihisi ukiitumia. Mstari wa kwenye Playlist (pale unapopanga wimbo) na chaneli ya kwenye Mixer (pale unaposawazisha sauti) kwa kawaida havijafungwa pamoja, klipu ya vokali unaweza kuihamishia mstari wowote na bado ikatokea chaneli ile ile uliyoipangia. Kama una biti na vokali mbili tatu huo uhuru ni mtamu sana, ila maiki nane zikiingia kwa mpigo unaanza kujiuliza teno iko wapi na hii ni rizimu au solo. Reaper treki ni treki tu, basi. Unawasha kitufe chekundu, unachagua inputi ya saundi kadi, voliumu yake na efekti zake zote ziko hapo hapo. Soprano, alto, teno na besi unaziburuta ndani ya treki moja inageuka folda, ukitaka kwaya nzima ishuke chini ya mwimbishaji unashusha sehemu moja umemaliza.

Halafu kwenye kuediti ndo imeniua kabisa. Herufi S inakata, unavuta pembeni inafifisha yenyewe, ukisogeza vipande vikipandana inavilainisha bila kuambiwa. Efekti unaweza kuiweka kwenye kipande kimoja tu, tuseme mama mmoja kapiga kelele kwenye neno moja, unashughulika na hilo neno na treki nzima huigusi. Na toleo la 7 lililotoka Oktoba 2023 limeleta leni, mtu anarudia ubeti hata mara tano, zote zinajipanga chini kwa chini, wewe unapitisha mausi juu ya mstari uliokaa vizuri na inakuunganishia. Kwa mwimbaji wa kanisani ambaye hajazoea maiki hii kitu ni mkombozi.

Sasa bei. Reaper ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, na studio nyingi za huku ziko humo humo. Ni kama laki na nusu na kitu hivi ya Kitanzania. Wakubwa wanalipa 225. Unapewa siku 60 za kujaribu na hakuna kilichofungwa, unasevu, unatoa wimbo, kila kitu, zikiisha inakuletea kidirisha cha kukukumbusha kulipa. Majaribio ya FL yanakuruhusu kusevu ila ukifunga ile projekti kuifungua tena mpaka ununue, na ile ya bei ya chini inayoitwa Fruity hairekodi maiki, ya kurekodia inaanzia ile ya juu yake, Producer. Lakini haki itendeke, FL ukinunua mara moja apdeti ni bure maisha yako yote. Reaper ukinunua ukiwa toleo la 7 unafika mwisho wa la 8, baada ya hapo unalipia tena. Na kwa wenye bando za kuungaunga, kuidownload ni kama MB 15 tu, haina mbwembwe. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, ile programu ya kuchezea muziki, kwa hiyo mnaoikumbuka Winamp kwenye kompyuta za kizamani wala msishangae kwa nini ni nyepesi.

Ubaya wake upo, tena si kidogo. Unaifungua ni jivu tupu, hakuna ngoma, hakuna kinanda cha maana, kuna ReaSynth inayolia kama mlango usiotiwa mafuta. Efekti zake kama ReaEQ na ReaComp zinafanya kazi safi ila zina sura ya fomu ya kujaza, mteja aliyezoea kuona plagini (programu ndogo za kuongezea) zinawaka taa anaweza kukudharau. Menyu nazo hazina mwisho, wiki za mwanzo utakuwa unaishi YouTube. Na sehemu yake ya kuandikia noti ukiilinganisha na Piano Roll ya FL, aisee, tuache.

Kuhamisha kazi za zamani: faili la FL halifunguki Reaper, msidanganywe. Unaenda kuexport WAV (faili la sauti), unatiki Split mixer tracks, unazima efekti za master, kila chaneli inatoka faili lake. Kisha Reaper unaweka tempo ile ile kwanza ndo unaziingiza zote zianzie sifuri. Kuna njia nyingine ya kuifungua FL ndani ya Reaper kama plagini, inakubali, ila laptopu iwe na RAM ya kutosha.

Mimi kwa sasa ninazo zote mbili. Biti napikia FL, natoa stemu (yale mafaili ya kila chaneli), vokali na miksi ni Reaper. Kama wewe ni singeli mwanzo mwisho na MC mmoja kwenye maiki, hiyo laki na nusu kanunue maiki nzuri.