Miche ya kingo za kijito: kitalu kimoja cha Morogoro
Ukiwa na shamba linalopakana na kijito, kitalu hiki kina kitu adimu: miche ya mzambarau mwitu yenye afya. Mbegu zake hufa upesi zikikauka, ndiyo maana wengi hushindwa kuziotesha; hapa hupandwa zikiwa mbichi. Chagua miche ya sentimita 40 hivi, na ukague sehemu ya chini ya kiriba (kimfuko cha udongo kinachobeba mche). Mizizi iliyojizungusha ikatwe kabla ya kupanda, la sivyo mti hautashika ardhi vizuri na mafuriko yataung'oa.

Mikuyu yao ni ghali bila sababu. Kata tawi lenye unene wa kifundo cha mkono, urefu mita 1.5, lichimbie theluthi moja kwenye udongo wenye unyevu masika yanapoanza, litachipua. Mafunjo ni mazuri, vipande vya mizizi vina machipukizi hai, ila yapande penye maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole.

Kinachosikitisha sana: mikaratusi inauzwa kama "miti ya mtoni". Inakunywa maji mno! Usiilete kabisa kwenye ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto unaolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.