Flai za trauti msimu wa mvua: angalia tundu kwanza

Mwezi wa nne nilishuka mto Gura kuvua samaki wa trauti, masika imeshika, maji rangi ya chai ya maziwa, asubuhi baridi vidole vimekufa ganzi, natoa flai mpya, yaani chambo bandia kilichofungwa kwenye ndoana, nifunge, nailoni haiingii. Tundu la ndoana limezibwa na vanishi. Ya pili hivyo hivyo. Kati ya kumi na mbili saba zilikuwa zimeziba, na jamaa aliyeniuzia nikimpigia ananiambia "madam, zibua na sindano." Sindano natoa wapi mtoni jameni?

Kwa hivyo kabla hujaanza kuuliza rangi, inua kila flai kwenye mwanga. Usipoona mwanga tunduni, rudisha, hata muuzaji akinuna.

Haya sasa, flai za kununua. Namba moja ni ile inayoitwa Woolly Bugger, nyeusi, ndoana saizi 8 au 10, na ukiweza chukua ya Fulling Mill, kampuni ya Uingereza. Sifichi, nawapendelea, kwao sijawahi kupata tundu limeziba hata moja. Nyeusi kwa sababu maji yakichafuka samaki anaona kivuli tu, mapambo haoni. Uliza pia ushanga wa kichwani ni tangsteni ama shaba, maana tangsteni ni nzito zaidi ya mara mbili na mto ukijaa flai nyepesi inapita juu juu tu. Na usirushe katikati, huko hakuna mtu! Trauti amejibanza kando ya ukingo na nyuma ya mawe, hana nguvu za kupigana na mkondo, hivyo mshipi mfupi, acha flai iteremke polepole karibu na miguu yako.

Namba mbili Kenya Bug, jina letu, inafanya kazi ile ile. Namba tatu flai ya Hare's Ear saizi 14, ndogo zaidi, lakini hiyo ngojea maji yaanze kusafika.

Zile za bei rahisi, hamsini kwenye kiboksi? Ndoana inanyooka. Tuendelee.

Kinachoniuma ni bei. Hizi za Fulling Mill zinafungwa hapa hapa Kenya, na mikono ya watu wetu, halafu dukani Nairobi nauziwa kwa hesabu ya pauni. Nikauliza mbona, nikaambiwa ni usafiri. Usafiri gani, wa matatu?