Seti ya umwagiliaji wa matone ya kitalu nyumba: mipira mizuri, chujio hapana

Nimeitumia misimu miwili kwenye kitalu nyumba changu cha mita 8 kwa 15, hapa Tengeru. Nalima hoho. Niliinunua Arusha mjini: simtanki la lita 1,000, bomba kuu, vali, chujio, na mipira yenye matundu kila sentimita 30. Stendi ya mbao nilitengenezesha mwenyewe, mita 2 kutoka chini.

Mipira naisifu. Kabla ya kupanda nilitega vikopo vya mtindi chini ya matundu, nikafungulia maji saa nzima. Kikopo cha mwanzo wa tuta kilikinga mililita 700, cha mwisho 650. Kwa maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, nimeridhika kabisa.

Chujio ndilo lililoniumiza. Ni dogo, na wavu wake una macho makubwa. Muuzaji aliniambia, "Mama, mbolea yoyote inayeyuka, tia tu CAN kwenye tanki." Nikatia. CAN, mbolea ya kukuzia ya chembechembe, ina chokaa, na chokaa haiyeyuki. Wiki ya tatu miche ya mwisho wa matuta ikawa inanyauka mchana, ya mwanzo imelowa. Nilipofungua ncha za mipira ulitoka uji mweupe. Matunda yakaanza kuoza kitako, kwa sababu maji yakija kwa kukatikakatika kalisiamu haifiki kwenye tunda. Jumamosi mbili nilikwenda sokoni na nusu ya nilichotarajia, na karo ilikuwa inasubiri.

Sasa natumia kalisiamu naitreti, ambayo naitrojeni yake ni asilimia 15.5. Kilo 1 kwa wiki inanitosha, yaani gramu 155 za naitrojeni. Kilo 1 ya urea ingebeba gramu 460, kwa hiyo jamani msihamishe kipimo cha mbolea moja kwenda nyingine! Jirani yangu alifanya hivyo, akapata majani mazito ya kupendeza, maua yote yakapukutika. Kilo yangu naigawa mara tatu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Natanguliza maji matupu, nafuatisha mbolea, kisha maji matupu dakika 15 ya kusafisha mipira. Zaidi ya hapo naitrojeni inazama chini ya mizizi na hela inazama nayo. Magnesiamu salfeti naiweka siku nyingine. Ukiichanganya na kalisiamu ndoo moja unapata jasi, na matundu yanaziba upya.

Chujio la sahani, lenye visahani vyembamba vilivyobanwa pamoja, nilinunua mwenyewe, Sh 30,000, naliosha kila Jumapili. Tangu hapo halijaziba tundu hata moja.

Vali iliyovuja walinibadilishia bila maneno, nawashukuru. Nawapa nyota 3. Wakiweka chujio la sahani na karatasi moja ya vipimo vya mbolea kwa Kiswahili, naongeza ya nne siku hiyo hiyo.